Kutoka Kigongo hadi Busisi

Ndugu msomaji, kama umepata kusafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita, bila shaka unaikumbuka foleni ya Kigongo. Barabara ya lami iliyotoka Usagara ilifika ukingoni mwa ziwa, ikakatika. Mbele yako palikuwa na maji ya Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo yake Busisi. Hapo ulizima injini, ukangoja kivuko.

Muda wa saa nzima, pengine zaidi, ulipotea. Wauza samaki na mahindi ya kuchoma walipita dirisha hadi dirisha. Lakini si kila msafiri alikuwa na hamu ya mahindi. Mgonjwa aliyetoka Sengerema kwenda Hospitali ya Bugando naye alingoja upande wa Busisi, na maumivu hayajui ratiba ya kivuko.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019. Kwa miaka kadhaa tulivuka tukiziona nguzo zikiota majini moja moja, huku tukinung'unika. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Daraja la John Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3. Sasa ghuba yavukwa kwa dakika chache.

Basi, utakapopita pale usikanyage mafuta kwa pupa. Wakumbuke waliochelewa. Na ukimwona mama aliyehamishia jiko lake la mahindi kituoni mbele, shuka ununue. Foleni iliyotutesa sisi ndiyo iliyomlisha yeye.