Keumbu, Shamba la Magokoro

Ukitoka Kisii mjini kwenda Keroka, barabara inapanda ikizunguka vilima vya Nyaribari, na gari halijatulia kituoni Keumbu, ndizi zimeshafika dirishani. Akina mama wanazileta kwa beseni, chana juu ya chana, mbivu na zenye kunukia mpaka ndani ya matatu. Nilishuka, nikala mbili nikiwa bado nimesimama kando ya lami. Sijapata kula tamu kuliko hizo.

Lakini sikufuata ndizi. Nilifuata nyayo za mwanamke aliyelima vilima hivi zamani, ambaye hakuna aliyewahi kunitajia jina lake.

Masimulizi ya Abagusii, wenyeji wa vilima hivi, yanasema walitoka pande za Mlima Elgon, wakapita Kisumu na nyanda za Kano, wakapanda hadi Kabianga, kwenye Kericho ya leo. Kabianga ikawakataa. Baridi iliua wimbi shambani, mifugo ikafa, watoto wakafa. Wakashuka Trans Mara, wakakutana na vita vya Wamaasai, ndipo wakageukia magharibi na kuingia katika vilima hivi. William Ochieng' aliiandika historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Ikisimuliwa, husimuliwa kwa majina ya wanaume: Mogusii na wanawe. Mimi nasema safari ile ilikuwa ya mama kuliko ya yeyote. Baba alijua njia na adui. Nani alibeba mbegu ya wimbi, na mtoto mgongoni? Nani aliyeijua njaa ya Kabianga kwa kutazama ghala likiisha?

Kule bondeni, nyuma ya chai na migomba, mama mmoja mzee alinionyesha kipande chake cha wimbi, hakizidi upana wa ua. Alikata suke moja kwa kisu kidogo akaniwekea kiganjani. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Zamani wimbi lilivunwa hivyo, suke kwa suke, kutwa nzima, na palizi ikizidi nguvu za mtu mmoja, majirani waliitana kwa risaga, wakalima pamoja na kunywa pamoja.

Kwa Abagusii kila mke alikuwa na enyomba yake: nyumba yake, mashamba yake, ghala lake. Mashamba aliyoyalima mama ndiyo yaliyorithiwa na wanawe. Kwa hiyo ukisimama juu ya kilima hapa Keumbu ukatazama mistari ya mipaka ikishuka hadi mtoni, unatazama kazi ya majembe ya akina magokoro, yaani mabibi wa zamani. Jina limepotea, mpaka umebaki.

Mvua haikunisubiri nimalize kutazama. Ilishuka alasiri, nzito, ikaufanya udongo mwekundu kung'aa, nikaelewa kwa nini aliyetoka kwenye baridi ya Kabianga hakutaka kwenda mbele zaidi.

Leo vipande vya mashamba hayo vimekuwa vyembamba mno. Baada ya uhuru, familia nyingi za Kisii zilifunga mizigo tena, safari hii kuelekea mashariki, kwenye makazi mapya ya Borabu yaliyokuwa mashamba ya walowezi. Huko nako mama ndiye aliyepanda kwanza.

Ukipita Keumbu, usinunulie dirishani. Shuka, nunua chana moja, kisha muulize muuzaji yeye ni wa enyomba gani.