Viza ya Australia, ubalozi Nairobi

Kwetu Heru Juu, Burundi si mbali, na ubalozi wao mdogo uko Kigoma mjini. Wa Kongo pia upo. Sasa nimepata nafasi ya mafunzo ya ualimu Australia, wiki mbili, na Australia haina ubalozi Tanzania! Wanaotuhudumia wako Nairobi.

Pasipoti ya 150,000 ninayo, fomu naijaza kwenye intaneti. Kazi ni moja jamani: anayeisoma hatauona uso wangu. Baba analima maharage, stetimenti ya benki hana. Nitamthibitishiaje kwamba nitarudi? Nimeomba barua chuoni na kwa mtendaji wa kijiji. Karatasi ndizo zitanisemea. Niombeeni, na testi Jumatatu!