Mwanzo wa Bao

Wako wanaodhani kwamba bao ni kazi ya wavivu. Hatusifu mchezo unaokula saa za shamba, wala ule wa kuwekeana fedha. Lakini wakati wa likizo ya Krismasi, hapa Ruanda katika Mbinga, tulishindana bila zawadi, nasi tukapata somo.

Mshindani wetu alikuwa mzee mvuvi kutoka pwani ya Ziwa Nyasa, aliyekuja kumtazama binti yake. Kando yake alikaa mjukuu wake, mwanafunzi wetu, ambaye mara nyingi tulimkemea kwa kuwa mzito wa hesabu.

Katika sataranji vipande vyote 16 vya kila mtu hupangwa ubaoni tangu mwanzo. Bao la Kiswahili si hivyo. Kila mtu ana kete 32, lakini huweka 10 tu: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwake. Zile 22 hubaki mkononi, naye huzinamua moja moja. Anayeanza hawezi kula mara ile ya kwanza, kwa maana kete zake zaelekea mashimo matupu ya mwenziwe. Mwanzo wa bao wataka subira.

Sisi hatukuwa nayo. Kete yetu ya mwisho ilipoangukia nyumbani, sheria ilituruhusu kulala hapo, au kuitawanya nyumba na kuendelea. Tuliona kete nyingi mbele, tukaitawanya. Tulikula, watu wakatushangilia. Yule mtoto akanong'ona, "Babu, mwalimu amebakiwa na kete 9 mkononi, na nyumba hana." Alikuwa amezihesabu zote kimya kimya. Kabla hatujazimaliza hizo 9, safu yetu ya mbele ilikuwa tupu.

"Mwalimu," alisema mzee, "nyumba ni ghala. Ghala haimalizwi mwezi wa kupanda."

Tulimpa mkono. Lakini lililotuchoma si kushindwa, bali ni yule mtoto. Shule ilipofunguliwa tulimpa hesabu za kugawanya kwa kete, akazifanya bila kosa. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake.

Ndugu walimu, nanyi wazazi, tusiharakishe kumhukumu mtoto mwanzoni. Pengine akiba yake ingali mkononi.