Nyonga ya Gari

Sauti ilianza kwa upole, kama mtu agongaye kokwa kwa kokwa. Tak, tak, tak. Kisha kimya, pindi usukani uliponyooka. Ilisikika kila gari lilipokata kulia, nayo ilitoka upande wa kushoto, nyuma ya gurudumu la mbele. Mwenye gari, kijana wa Gazi anayepeleka samaki Ukunda, aliizoea kwa miezi miwili jinsi mtu azoeavyo kikohozi cha jirani. Lakini Jumamosi moja jioni, alipokuwa akiiacha barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga ili aingie kijijini, usukani ulimtetemeka mikononi na ile tak-tak ikawa mlio wa nyundo. Jumatatu asubuhi mamake alikuwa na miadi hospitalini Msambweni, na kwa magoti aliyo nayo mama yule hawezi kupanda pikipiki.

Fundi wa kwanza aliyelitazama gari hilo alikuwa ameuzungushia mpira uliopasuka kipande cha tyubu ya baiskeli, akapokea ujira wake na kusema kazi imekwisha. Labda aliamini hivyo.

Usiku huo kijana alikwenda kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba," mzee akaitikia, maana katika sehemu nyingi za pwani mjomba na mpwa huitana kwa jina hilo hilo moja. Kwa Wadigo uhusiano huu ulikuwa na uzito zaidi. Kwa mila yao ya zamani, mali ya mtu ilirithiwa na watoto wa dada yake, si wanawe wa kuzaa. Na sheria ya Kiislamu ya mirathi ilipozidi kupata nguvu, mashamba na minazi mingi iligombaniwa baina ya wana na wapwa. Mzee huyu hana shamba la kugombaniwa. Ana sanduku la spana, alilolikusanya kidogo kidogo alipokuwa fundi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi, mpaka kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawe wawili wako Mombasa, na kila mmoja kwa wakati wake amewahi kuliulizia sanduku hilo. Vidole vya mzee havifumbati tena spana.

Alisikiliza maelezo, akauliza swali moja tu: "Inalia ukikata au ukinyoosha?" Alipojibiwa, akasema, "Nyonga imekwisha."

Mafundi wa Ukunda hukiita kitu hicho sivijointi, na neno lao hakuna wa kulibeza, kwa kuwa ndilo linalonunulia kipuri dukani. Lakini mzee alikuwa na maneno yake. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, gurudumu lina kazi mbili: kusukuma na kugeuka. Mtaimbo unaotoka kwenye giaboksi sharti uzungushe gurudumu hata linapokuwa limepinda, tena bila kusitasita. Kiungo cha kale cha msalaba, ambacho huhusishwa na majina ya Cardan na Hooke, hupinda vyema, ila kikipindishwa sana mwendo wake huwa wa kwenda mbio na kupungua ndani ya mzunguko mmoja. Dawa yake ilibuniwa katika miaka ya 1920 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford: gololi sita ndani ya kikombe cha chuma, kila moja katika mfereji wake, zikishikwa pamoja na kizimba. Gari dogo la Mini la mwaka 1959 lilisaidia sana kukieneza kiungo cha namna hiyo. Mzee hakuwahi kulisikia jina la Rzeppa. Alisema ni nyonga: fupa la mviringo ndani ya kikombe. Grisi aliiita ute, na ule mpira unaofunika, ambao mafundi huuita buti, aliuita ngozi. "Ngozi ikipasuka, ute hurushwa nje, mchanga huingia. Mifupa husagana." Maelezo ya ugonjwa mzima yalikuwa hayo, na hayakuhitaji kuongezwa.

Jumapili alfajiri mzee aliketi juu ya kibao cha mbuzi chini ya mwembe, akafanya kazi kwa mdomo. Mpwa alikuwa mikono. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ililegezwa gari likiwa bado chini, kwa sababu likiisha kuinuliwa gurudumu huzunguka na nati haikubali. Jeki iliwekewa ubao mnene, la sivyo mchanga wa Gazi ungeimeza, na kipande cha gogo la mnazi kikasukumwa chini ya gari. Hapo mzee hakuwa na mzaha: kijana alipotaka kuingiza kichwa kabla ya gogo, alitukanwa tusi ambalo jarida la wasomi haliwezi kulichapisha. Kisha kiungo cha chini cha mkono wa gurudumu kikaachanishwa, kitovu kikavutwa nje, mtaimbo ukachomoka. Nyonga ilitoka kwa mapigo manne ya nyundo. Ute uliobaki ulikuwa uji mweusi wenye chengachenga za mchanga. Ulipooshwa kwa mafuta ya taa, mifereji ilionekana imeliwa kama jino bovu.

"Hesabu meno," mzee akasema. Meno ya mtaimbo yalihesabiwa, yakahesabiwa tena, yakaandikwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Kijana aliona ni kupoteza wakati. Alipofika Ukunda, kwenye duka pekee alilolikuta wazi, muuzaji alimpa kiungo akiapa kuwa ndicho chenyewe. Kijana alihesabu. Yalizidi. Akapewa kingine, cha tatu kikakubali.

Wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba istilahi husanifiwa na vyombo kama BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na kazi hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, yafaa kuuliza ni nani huandika maneno yanayozaliwa chini ya mwembe. Neno kiungo limekwisha kubeba mzigo mkubwa: ni kifundo cha mkono, ni bizari jikoni, ni mchezaji wa katikati uwanjani. Buti nalo ni kiatu, ni sehemu ya nyuma ya gari, na sasa ni mpira wa grisi. Nyonga ya mzee haikuwa pambo la usemi. Ilimwambia kijana asiyewahi kufungua chuma hicho mahali pa kutazama na kitu cha kuogopa. Mzee huyo akizikwa, istilahi hizo zitazikwa naye, isipokuwa kama kuna aliyezisikiliza.

Kiungo kipya kilijazwa grisi nyeusi yote iliyokuja nacho, mpira ukakazwa kwa mikanda ya chuma. Kijana alipoleta waya, mzee alitikisa kichwa. Nati ilikazwa kabisa gari liliporudi chini, na ile pini ndogo inayoizuia isijifungue ikakunjwa. Jua lilikuwa limezama.

Jumatatu walitoka watatu, mama akiwa mbele na kaka yake nyuma, ingawa hakuna aliyemwalika. Penye kona moja kijana alizungusha usukani wote kulia. Wanaume wawili waliacha kuzungumza. Gari lilikata kona yote bila sauti.

"Mbona mmenyamaza?" mama akauliza.

"Tunasikiliza," akajibu kaka yake. Baada ya kitambo akaongeza, "Ya kulia nayo ina siku zake."

Walipomshusha mama hospitalini na kufungua buti kumtolea mkoba wake, lile sanduku la spana lilikuwa bado humo, tangu jana. Mzee aliliona. Akautoa mkoba, akalifunga buti.