Gitaa Lililonyamaza Kaniha

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba watu wamekusanyika kulinganisha magitaa ya umeme, bila shaka fikra zako zitakwenda kwenye kumbi za dansi za Dar es Salaam, au pengine ng'ambo, ambako wenye fedha hununua magitaa ya kale kama wengine wanunuavyo viwanja. Fikra hizo si za bure. Mwezi Juni 2019, mjini New York, gitaa jeusi la Fender Stratocaster lililokuwa mali ya David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd ya Uingereza liliuzwa mnadani kwa dola 3,975,000 za Kimarekani. Lakini leo naomba nikuchukue upande mwingine kabisa, hadi kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo, ambako nimeona gitaa bovu likiwanyima watu usingizi.

Nilitoka Mwanza alfajiri. Pale Kigongo, ambapo miaka yote tulikuwa tukipanga foleni kungoja kivuko, sasa basi hupita juu ya ziwa kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2025. Tukapita Sengerema, Geita na Bwanga, na alasiri nikateremka Biharamulo, mji wenye boma la Wajerumani. Safari iliyobaki niliimaliza nyuma ya pikipiki, begi langu likiwa mapajani mwa dereva, vumbi jekundu likinipaka nguo. Shemeji yangu anayefundisha Kaniha ndiye aliyekuwa ameniita. "Njoo Jumapili," aliniambia kwa simu, "uone mnada usiokuwa na fedha."

Na kweli nikauona. Jumapili, baada ya ibada, chini ya mwembe ulio karibu na kibanda cha fundi redio, vijana walianza kuwasili wakiwa wamebeba magitaa yao, mengine katika mifuko yake, mengine yamefungwa kwa kanga. Hawa walikuwa wapigaji wa kwaya za madhehebu mbalimbali. Msomaji wa mjini huenda hajui kwamba katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa kwaya ya kijijini haitosheki na sauti za waimbaji peke yake. Hutaka solo, rithim na besi, hata kama umeme wake unatoka katika sola na betri ya gari.

Desturi yao ni hii. Kila gitaa hupigwa na mtu mmoja, kwa wimbo ule ule, kupitia amplifaya ile ile. Wasikilizaji wote hugeuka na kutazama upande wa pili, ili asiwepo anayedanganywa na rangi. Wakimaliza ndipo huhukumu, kisha biashara huanza. Niliona nyuzi mpya za seti moja zikibadilishwa kwa mkanda na waya wa kuunganishia, na besi ya Kichina ikibadilishwa kwa gitaa la solo pamoja na jogoo wa nyongeza. Siku hiyo lililosifiwa kuliko yote halikuwa la kiwandani. Mwili wake ulichongwa kwa mti wa mninga na mkimbizi mmoja wa Burundi, aliyelitoa kwa kijana wa hapa kabla ya kambi ya Lukole, wilayani Ngara, kufungwa mwaka 2008. Walipogeuka na kuona ni lipi walilolisifu, walicheka, na mwenye gitaa jipya linalometameta akalirudisha mfukoni pole pole.

Hapa yanipasa kueleza jambo moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kidude ambacho wapigaji hukiita pikapu. Usidhani ni gari. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilikabadilika, na umeme mdogo ukazaliwa ndani ya waya. Umeme huo hukuzwa na amplifaya, na spika ikaugeuza kuwa sauti. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Ilipita karne nzima kabla ya George Beauchamp na wenzake, huko Los Angeles, kuitumia katika gitaa la umeme la Rickenbacker lililoanza kuuzwa mwaka 1932. Koili moja hunasa pia mngurumo wa nyaya za umeme zilizo karibu, na kwa sababu hiyo mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliunganisha koili mbili zinazopingana ili mngurumo ujifute wenyewe. Vijana wa Kaniha hawakuyasoma hayo darasani, lakini wanayajua kwa masikio, kwa kuwa mashine ya kugeuza umeme wa sola inawangurumia kila Jumapili.

Basi jua lilipoanza kushuka, akaja mzee mmoja akiongozana na mjukuu wake wa kike. Vijana wote walisimama kumwamkia. Mkononi alikuwa na gitaa la Teisco, la Kijapani, la miaka ya 1960, lenye pikapu moja iliyofunikwa kwa bati lenye matundu, na chini ya matundu utando unaong'aa kama dhahabu. Aliliweka mezani kwa fundi, akasema, "Wanangu, leo nimekuja kuwauliza, sikuja kushindana."

Historia ya gitaa lile ni historia ya wapigaji wengi wa nchi yetu. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba katika enzi ya bendi za mashirika, mpigaji alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, na tangu mwaka 1983 chini ya shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, DDC. Mpangilio huo uliwapa vijana wasio na kitu vyombo ambavyo wasingeweza kuvinunua kamwe, hasa fedha za kigeni zilipoadimika na wengine wakalazimika kutumia nyaya za breki za baiskeli badala ya nyuzi. Hata hivyo, mpigaji alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu.

Mzee huyu alipiga rithim katika bendi ndogo ya shirika moja mjini Bukoba. Bendi ilipovunjika mwaka 1983, alikuwa akidai mishahara ya miezi minne. Hakupata fedha, alipewa gitaa. "Hili," aliniambia, akigonga mbao zake kwa ukucha, "ndilo jasho langu la miezi minne. Sijawahi kulipwa kitu kingine." Alilileta Kaniha alipokuja kulima, akalipiga katika harusi na katika kwaya, mpaka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoingia ndani ya nyumba. Unyevu ukala waya wa koili. Tangu hapo gitaa likanyamaza.

Fundi alichukua mita yake, akagusa ncha mbili za koili. Mshale haukutikisika. "Waya umekatika ndani," alisema. "Inawezekana kuisuka upya."

"Ndiyo maana nimekuja," mzee akajibu, akatoa simu ya mjukuu. Mfanyabiashara mmoja wa Mwanza alikuwa ameona picha ya gitaa lile, akaahidi shilingi 400,000, lakini kwa sharti moja: lisiguswe. Likifunguliwa na kusukwa upya, angetoa shilingi 100,000 tu.

Msomaji, jambo hilo liliwashangaza vijana, nami pia lilinishangaza mpaka nilipolifikiri. Katika biashara ya magitaa ya kale, mkusanyaji hununua uasili. Waya uliosukwa kiwandani una thamani yake, hata ukiwa umekufa. Mkono wa fundi mwingine huipunguza. Pikapu za aina hii ya utando wa dhahabu zilidharauliwa kwa miaka mingi, hadi Ry Cooder, mpigaji maarufu wa Marekani, alipofunga ya Teisco katika gitaa lake, na sasa watu wanazitafuta duniani kote. Kwa hiyo gitaa la mzee lilikuwa na bei kubwa likiwa bubu, na bei ndogo likiwa na sauti.

Tena fedha hizo hazikuwa za anasa. Mjukuu alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni mkoa wa mbali. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro, sare, daftari na nauli havikufutwa.

Wakaniuliza mgeni nasemaje. Nami, kwa kujiona mtu wa mjini mwenye kuujua ulimwengu, nikasema auze. Nilieleza vizuri kabisa: gitaa la Kichina lingepatikana kwa sehemu ya fedha hizo, binti angepata mahitaji yake yote, na kila mtu angeridhika. Vijana wawili wakaniunga mkono. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mwanangu, umesema sawa. Lakini baba yangu alikuwa mpiga enanga."

Enanga, kwa msomaji asiyeijua, ni ala ya nyuzi ya Wahaya na jirani zao: ubao uliochongwa kama chano kirefu, na kano la ng'ombe likapitishwa juu yake kwenda na kurudi mpaka likafanya nyuzi kadhaa. Ndiyo ala ya watambaji wa tendi, kama marehemu Habibu Selemani, ambaye tendi zake zilichunguzwa na msomi M. M. Mulokozi. Fundi alinong'ona kwamba walikwisha kujaribu kuiwekea enanga pikapu, wasisikie kitu. Haikuwa ajabu. Pikapu husikia chuma. Kano la ng'ombe kwake ni kama halipo.

"Kano lilipokatika," mzee aliendelea, "baba alifunga jingine, na watu wakaja kusikiliza usiku ule ule. Hapakuwa na mtu aliyemwambia enanga yako imeshuka bei. Sasa huyu wa Mwanza ananiambia nimtunzie maiti, asioshwe, asiguswe, ndipo atanilipa. Nami nina shida ya fedha, sijivuni. Nimeshindwa kuamua."

Pakawa kimya. Hapo ndipo mjukuu, ambaye hakuwa amesema neno, alipofungua kinywa. "Babu, godoro la shangazi lipo. Nauli tutaitafuta. Fundi, anza."

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Fundi alifunga kiunzi cha koili kwenye gurudumu la cherehani ya mkewe. Binti alikaa pembeni na bakuli la maharage, akihamisha punje moja kila mizunguko 100 ilipotimia. Walikusudia mizunguko 6,000, yaani punje 60. Jumatatu, kwenye punje ya 41, waya ukakatika. Fundi alifunga macho kwa muda, akaufumua wote, akaanza upya. Sikuona hata mmoja aliyelalamika. Mimi niliahirisha safari, nikakaa kwenye benchi nikihesabu pamoja na binti kimoyomoyo, nikijua kwamba kila punje ilikuwa inapunguza fedha za godoro lake, na kwamba yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Jumanne jioni mita ilitikisika. Wakafunga nyuzi, wakawasha amplifaya. Mzee alipiga rithim ya dansi la zamani, vidole vikiwa vizito mwanzoni, kisha vikakumbuka. Sauti haikuwa tamu kama niliyoitazamia. Ilikuwa kavu, yenye mkwaruzo kidogo. Vijana waligeuka na kutazama upande wa pili kama desturi yao inavyotaka. Alipomaliza, yule mwenye gitaa la mninga akasema, "Hili lipo peke yake." Wakakubaliana kwamba kwaya zao zitaliazima kwa zamu siku za sherehe, na kila moja ikatoa malipo ya kutangulia. Jumla ilikuwa shilingi 90,000. Ilitosha nauli na sare, haikutosha godoro.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba mzee alifanya hesabu sahihi. Mtu mwingine angeuza, na asingekuwa na kosa. Lakini niliporudi Mwanza nilitazama kabatini kwangu, nikaona redio ya marehemu baba niliyoitunza miaka mingi bila kuifungua, eti isiharibike. Nimeipeleka kwa fundi. Nawe, kabla hujalaza gazeti hili, tazama nyumbani kwako ni kitu gani kimenyamaza kwa sababu tu unaogopa kukigusa.

Binti alikwisha kuondoka kwenda shule. Shemeji yangu ananiarifu kwamba aliondoka na godoro la shangazi, limefungwa kwa kamba juu ya basi.