Lete Moja, Uchukue Moja
Keroka imegawanyika kati ya Kisii na Nyamira, na muvi zetu vilevile. Upande wa Kisii kulikuwa na duka: unalipa, jamaa anakujazia flashi nakala zilizobanwa, usiku kwenye skrini umejaa viraka. Upande wa Nyamira kulikuwa na vijana watano, kisirisiri. Hao hawakutaka pesa. Unaleta filamu nzima kama ilivyotoka kwenye Blu-ray, hata gigabaiti 40, ndiyo uchukue nyingine.

Sikuwa na kitu. Nikawapelekea DVD ya mazishi ya baba. Hawakucheka, kila mmoja aliinakili.

Mwaka jana diski ya mama ilikwaruzika, ikagoma kabisa. Nikapiga simu moja. Wote watano bado walikuwa nayo.