Kata, geuza, lakini usifute

Leo sina habari za programu mpya. Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya kwa mikono yangu, tena mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta miaka minne.

Mama alinipa DVD ya harusi ya mama mdogo, iliyofanyika mwaka wa 2005. Alitaka kuitazama kwenye simu. Ukifungua DVD kama hii utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB zisizozidi gigabaiti 1 kila moja. Picha imebanwa kwa MPEG-2, fremu 25 kwa sekunde. Nilizinakili, nikaziunganisha, nikapata faili moja ya saa mbili, karibu gigabaiti 4.

Nikaanza kukata. Kuna mahali mpiga picha aliacha kamera ikiendelea, dakika nzima ni hema na sufuria za pilau tu. Nikaitoa. Kilichobaki nikakigeuza kuwa MP4 kwa H.264, kikashuka chini ya gigabaiti 1. Diski yangu ilikuwa imejaa, basi nikazifuta zile VOB.

Mama alitazama hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona baba hasikiki?"

Babu alifariki mwaka wa 2008. Kumbe katika dakika ile ya sufuria alikuwa amesimama nyuma ya kamera, akimtania mpiga picha aende akale kabla wali haujaisha. Haonekani, lakini sauti ni yake, na hatuna sauti yake kwingine kokote. Mimi nilikuwa nakata huku nimezima spika.

Kurudisha faili zilizofutwa nilishindwa. Diski yangu ni SSD, na TRIM ikiwa imewashwa, kilichofutwa hakirudi kirahisi. Nikairudia DVD yenyewe. Safari ya kwanza ilisomeka kwa shida. Safari hii ikakwama kabisa. Nikaipangusa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kuelekea ukingoni, kisha nikatumia GNU ddrescue:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 harusi.iso harusi.map
ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Amri ya kwanza husoma sehemu nzima na kuruka mbovu. Ya pili huzirudia zile mbovu mara tatu. Faili ya map hukumbuka ilipofika, kwa hiyo hata stima ikipotea huanzi upya. Ilikesha usiku kucha, nami nilikesha nayo.

Asubuhi zilikuwa zimebaki sekta chache tu. Nikaenda moja kwa moja kwenye zile sufuria. Picha inakatika vipande vipande kwa sekunde kadhaa, lakini babu yupo, anacheka.

Safari hii nilikata bila kugeuza:

ffmpeg -ss 00:41:10 -i harusi.vob -t 90 -c copy babu.vob

Hiyo "-c copy" huhamisha data ilivyo, kwa hiyo ubora haupungui. Ubaya wake ni kwamba picha haiwezi kuanza popote, lazima ianzie kwenye fremu kamili, basi acha nafasi kidogo mbele na nyuma. Nakala ya simu ndiyo niliyoigeuza:

ffmpeg -i babu.vob -vf yadif -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac babu.mp4

Yadif huondoa ile mistari ya video za zamani mtu anapotembea. Namba ya crf ikipungua, ubora unapanda na faili inanenepa.

Ile harusi.iso sasa iko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa mama mdogo. Mama ameisikiliza babu.mp4 mara nyingi, na hajaniuliza tena kwa nini niliikata. Nanyi mkikata, washeni spika.